Woma, Chatu wa Jangwani Asiye na Sumu

Katika kambi zetu, katika vituo vya polisi na katika nyumba za familia zilizo karibu na vichaka, neno "nyoka" likishatamkwa usiku hakuna anayeuliza ni nyoka wa namna gani. Taa huwashwa, watoto hupandishwa kitandani, na mwenye fimbo huitwa. Kabla ya swali lolote kuulizwa, mgeni yule amekwisha kupondwa kichwa. Hatuwezi kuilaumu sana desturi hiyo, kwa kuwa nchi zetu zina kifutu, zina swila na zina koboko, na mwenye kuumwa na hao hana nafasi ya kujadiliana. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini leo, ndugu msomaji, tunakualika usafiri nasi ng'ambo ya Bahari ya Hindi, hadi katika majangwa ya Australia, ukaonane na nyoka ambaye hana hata tone moja la sumu kinywani mwake. Hata hivyo maisha yake yamezungukwa na maadui: mwanadamu, wanyama walioletwa na mwanadamu, na, jambo la ajabu zaidi, nyoka mwenzake.

Nyoka huyo ni chatu, naye huitwa woma, jina lililotokana na lugha za wenyeji wa asili wa nchi ile. Usimfananishe na chatu wetu. Chatu wa Afrika tunamfahamu: ni nyoka mkubwa, mwenye kupenda kukaa karibu na maji, awezaye kupita urefu wa mita 5 na kummeza swala mzima. Woma ni mnyonge mbele yake. Urefu wake wa kawaida ni kama mita moja na nusu, na wachache ndio wapitao mita mbili. Wala hayafuati maji. Makao yake ni katika mchanga mwekundu, katika tambarare zenye vichaka vya mikakaya mikavu na majani makali yaotayo kwa mafungu, mahali ambapo mvua yaweza kukosekana kwa mwaka mzima na joto la mchana wa kiangazi hupita nyuzi 40 za sentigredi. Nchi yake ni pana sana: huanzia Australia Magharibi, hupita katikati ya bara, hushika sehemu za kaskazini za Australia Kusini, na kufika pembe za jimbo la Queensland na la New South Wales.

Ukimtazama mchana, rangi yake yakaribia kuwa ile ile ya ardhi anayolalia. Mgongo wake una rangi ya kahawia iliyofifia, au ya kijivu, au nyekundu kidogo, nao umekatwa kwa mistari myeusi zaidi iliyopita mzungo kutoka shingoni hadi mkiani. Tumbo lake ni jeupe lenye umanjano. Kichwa chake ni chembamba, nacho hakitofautiani na shingo. Macho ni madogo. Chatu wadogo huwa na mabaka meusi juu ya macho, mithili ya mtoto mchanga aliyepakwa wanja na nyanya yake, na mabaka hayo aghalabu hufifia wanapokua.

Hapo ndipo msiba wake mmoja unapoanzia. Watu wengi, hata huko Australia, wamefundishwa kwamba chatu hutambulikana kwa kichwa kipana kilichotengana na shingo. Woma hana kichwa cha namna hiyo. Kichwa chake chafanana na vile vya nyoka wenye sumu wa nchi ile, ambao ni wengi na ni wakali, na mistari ya mgongoni huzidi kumtia mashakani. Basi mkulima akimkuta njiani humhesabu katika kundi la wauaji, na adhabu hutolewa papo hapo.

Kuna dalili nyingine anayoikosa. Chatu walio wengi wana vijishimo vidogo vilivyopangana kando ya midomo, ambavyo kwa hivyo nyoka huhisi joto la mnyama aliye mbele yake hata katika giza totoro. Ni kama darubini ya usiku aitumiayo askari wa doria. Vijishimo hivyo havionekani midomoni mwa woma. Yafaa kufikiri kwa nini. Mnyama mwenye damu ya moto, kama panya au ndege, hutoa joto ambalo chatu mwingine hulitumia kumlenga. Lakini woma hula zaidi mijusi, kenge na nyoka wengine, viumbe ambao miili yao hufuata joto la mahali walipo, tena hulala nao katika mashimo yenye baridi moja. Kwa mawindo ya namna hiyo kifaa cha kupimia joto kisingemfaa sana.

Jina lake la kitaalamu ni *Aspidites ramsayi*. Neno la kwanza latokana na Kiyunani, na maana yake ni "mbeba ngao", kwa sababu ya magamba makubwa yaliyopangwa sawasawa juu ya kichwa chake. Neno la pili ni heshima kwa Edward Pierson Ramsay, aliyezaliwa Sydney mwaka 1842 na kuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Australia kuanzia mwaka 1874 hadi 1894. Aliyemwandika nyoka huyu katika vitabu vya elimu kwa mara ya kwanza ni William John Macleay, mwaka 1882. Ukoo huu wa wabeba ngao una watu wawili tu: woma, na ndugu yake mwenye kichwa cheusi ti, akaaye zaidi upande wa kaskazini. Bila shaka wenyeji wa asili walimjua woma kwa maelfu ya miaka kabla ya karatasi ya Bwana Macleay, walijua nyayo zake mchangani, majira yake na ladha ya nyama yake. Kwani kwao alikuwa kitoweo pia. Lakini vitabu huhesabu siku kuanzia pale mwandishi alipochovya kalamu.

Sasa tumfuate kazini. Woma hutembea usiku. Mchana hujificha ndani ya gogo lililo wazi, chini ya mafungu ya majani, lakini zaidi ndani ya mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine, wakiwamo kenge na sungura. Shimo kwake ni nyumba, ni kivuli, na ni soko. Mita moja chini ya ardhi joto kali la juu halifiki, na unyevu kidogo hubakia. Tena akiona shimo ni jembamba hulipanua mwenyewe. Nyoka hana mkono wala mguu wa kuchimbia, lakini huyu hukitumia kichwa chake kama sepeto: hukiingiza katika mchanga, hukikunja, na kuuvuta mchanga nje, kisha hurudia, tena na tena, kwa subira ambayo ingemfaa kuruta anayechimba handaki lake la kwanza.

Humo shimoni ndimo apatamo chakula chake kingi, nako kuna taabu yake. Sote tumesikia jinsi chatu auavyo: hujizungusha mwilini mwa mnyama mara mbili tatu na kumkaza mpaka damu isiweze kwenda. Lakini kazi hiyo yahitaji nafasi. Ndani ya tundu jembamba woma hawezi kujizungusha. Hivyo akimkuta kenge au sungura mwishoni mwa tundu, humbana kwa mkunjo mmoja wa mwili wake dhidi ya ukuta wa shimo, na kumkandamiza hapo mpaka pumzi imwishe. Njia hii si ya haraka kama ile nyingine. Mnyama aliyebanwa bado ana kucha na meno, na muda wa kuyatumia. Kwa sababu hiyo woma wengi waliokomaa wana makovu mwilini. Mwanadamu akimwona nyoka mwenye makovu hufikiri ameonana na jambazi. Kumbe ni alama za mtu wa kazi, kama zile za mikononi mwa fundi seremala.

Ana hila nyingine isiyohitaji nguvu. Hulala kimya, mwili wote umetulia kama kamba iliyosahauliwa, kisha hutikisa ncha ya mkia wake polepole. Mjusi mwenye njaa hudhani ni funza au mdudu, hukimbilia, na hapo safari yake hukoma. Hadhari ile ya kambini, ya kutogusa kitu usichokijua hata kikionekana kizuri namna gani, mjusi hakuwahi kufundishwa.

Hula pia ndege watuao chini na wanyama wadogo wenye manyoya. Kuhusu nyoka wenzake, hula hata wale wenye sumu. Usistaajabu; nyoka wengi duniani ni wala nyoka. Lakini kumbuka jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Jike hutaga mayai yapatayo matano hadi ishirini, mahali palipofichika chini ya ardhi. Tofauti na nyoka wengi, ambao wakishataga huondoka na kuyaachia mayai majaliwa yake, mama huyu hujiviringisha juu ya mayai yake akayakumbatia kwa mwili wote, naye hukaa hivyo kwa muda wa miezi miwili hivi au zaidi, mpaka watoto wapasue maganda. Katika kipindi hicho huwa mlinzi zaidi kuliko mwindaji. Watoto wakishatoka, kazi ya mama imekwisha. Kila mmoja huenda zake na riziki yake.

Labda ni kwa sababu ya ulinzi huo kwamba wenyeji wa katikati ya Australia walimwona woma kuwa mama kabla ya kuwa kitu kingine. Huko kuna jiwe kubwa jekundu liitwalo Uluru, lenye kimo cha mita 348, lililosimama peke yake katikati ya tambarare. Wenye nchi hiyo, watu wa Anangu, walirudishiwa rasmi umiliki wake tarehe 26 Oktoba mwaka 1985, na miaka 34 baadaye, tarehe kama hiyo mwaka 2019, kulipanda jiwe hilo kukapigwa marufuku kwa heshima ya mila zao. Kwa lugha yao woma huitwa kuniya. Sehemu ya hadithi yake ambayo wenyewe hukubali kuwasimulia wageni ni hii.

Zamani za mwanzo, Kuniya, mwanamke aliyekuwa chatu, alisafiri kutoka mashariki akiwa amebeba mayai yake shingoni mfano wa mkufu, akayaweka penye jiwe. Mpwa wake alikuwa amewakosea watu wa Liru, ambao ni nyoka wenye sumu, na kikosi cha Liru kikamfuata na kumchoma kwa mikuki. Matundu ya mikuki hiyo wenyeji huyaonyesha mpaka leo katika ubavu wa jiwe. Habari zilipomfikia shangazi mtu, alikwenda mpaka penye bwawa la Mutitjulu akamkuta shujaa mmoja wa Liru. Yule Liru akamdhihaki. Kuniya akacheza ngoma ya hasira, akachota mchanga na kuutupa chini ili nguvu ya ghadhabu yake isiwadhuru watu wasiohusika, kisha akamwendea akimpiga kwa fimbo yake ya kuchimbia. Pigo la kwanza lilimjeruhi. La pili likamuua. Katika mwamba wa Mutitjulu kuna nyufa mbili, moja fupi na moja ndefu, na hizo ndizo alama za mapigo hayo mawili.

Ninaipenda hadithi hii kwa ule mchanga uliotupwa chini. Mtu aliyeshikwa na ghadhabu ya kufiwa, naye bado akakumbuka kuwakinga majirani! Wako wazima wenye sare na silaha ambao jambo hilo huwashinda.

Lakini katika hadithi asiye na sumu alimshinda mwenye sumu. Katika nchi yenyewe, siku hizi, mambo hayakwenda hivyo, na hapa ndipo tufikapo penye kiini cha habari yetu.

Wazungu walipofanya makao Australia walikwenda na wanyama wao. Paka waliingia pamoja na walowezi wa kwanza wa mwaka 1788. Mwaka 1859 tajiri mmoja wa Victoria, Thomas Austin, alifungulia sungura wachache shambani kwake ili apate mawindo ya kujifurahisha. Sungura hao na wazao wao wakatapakaa bara zima wakila kila jani. Mbweha wekundu wa Ulaya nao waliletwa katika karne hiyo hiyo, kwa ajili ya mchezo wa kuwinda kwa farasi na mbwa. Mbweha na paka wakawaangukia wanyama wadogo wa nchi, ambao hawakuwa wamewahi kuonana na adui wa namna hiyo. Wengi wao walikuwa wachimbaji hodari. Mmoja, mdogo kama sungura na jamaa wa kangaruu, aliyekuwa akichimba miji mizima ya mashimo chini ya ardhi, alitoweka kabisa katika bara akabaki visiwani tu. Mwenzake aitwaye bilbi, mwenye masikio marefu na pua ya kuchongoka, alifukuzwa katika sehemu kubwa ya nchi yake.

Basi fikiria hasara ya woma. Wachimbaji wamekwisha, mashimo yamefukiwa na upepo. Aliyekuwa akiishi kwa kupanga katika nyumba za wengine ameamka akakuta mtaa wote umebomolewa. Ni kweli kwamba sungura wa Ulaya nao huchimba, na woma huingia katika mashimo yao na kuwala. Kwa hiyo adui mmoja amekuwa pia mwenye nyumba na mlo. Mambo ya dunia hayakosi mchanganyiko. Lakini mbweha na paka wangaliko nje ya mlango. Kusini-magharibi mwa Australia Magharibi, ambako misitu ilifyekwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano, imepita miaka mingi bila kuonekana kwake kuthibitishwa. Katika New South Wales amewekwa na serikali katika orodha ya viumbe walio hatarini. Katika majangwa ya ndani, yasiyo na jembe wala ng'ombe wengi, hali yake ni nzuri zaidi, na kwa kuwa majangwa hayo ni mapana hatuwezi kusema kwamba jamii nzima iko karibu kufutika.

Watu wenye kuipenda nchi yao waliamua kujaribu dawa. Karibu na mji wa migodi wa Roxby Downs, katika Australia Kusini, ilianzishwa mwaka 1997 hifadhi iitwayo Arid Recovery. Ilizungushwa ua wa waya uliotengenezwa kwa ustadi ili paka, mbweha na sungura wasiweze kuupanda wala kuuchimbia, na eneo lililozungushwa likafika kilomita za mraba 123. Ndani ya ua maadui waliotoka Ulaya wakasakwa mpaka wa mwisho. Kisha wakarudishwa wenye nchi: wale jamaa wa kangaruu mwaka 1999, na bilbi mwaka 2000. Wakazaana, wakachimba. Mashimo yakarudi. Nani asingefikiri kwamba sasa nyumba ya woma iko tayari?

Kikundi kidogo cha chatu waliozaliwa na kulelewa katika kifungo kikafunguliwa humo, kila mmoja akiwa na kidude cha redio cha kuwawezesha wataalamu kumfuata alipo. Kwa muda wa miezi minne wataalamu walizunguka mchangani na vipokea mawimbi vyao. Mwisho wa miezi hiyo chatu wote walikuwa wamekufa. Hakuna mbweha aliyeingia, wala paka. Aliyewaua, kama ilivyothibitishwa kwa baadhi na kudhaniwa kwa waliobaki, ni nyoka mmoja mkubwa mwenye sumu, mwenyeji wa jangwa hilo hilo, anayeitwa mulga kwa jina la mti wa huko. Naye ni mla nyoka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la elimu ya hifadhi, na wataalamu waliyaandika bila kuficha kwamba jaribio lao lilishindwa.

Mtu wa jeshi ataielewa taarifa hiyo mara moja. Ngome ilijengwa kwa kumwangalia adui wa nje, na dhidi yake ilikuwa imara. Tena hatuwezi hata kumwita mulga adui. Yeye ni mwananchi, ana haki ya kuwapo, na hapana mhifadhi mwenye akili ambaye angemfukuza. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni mafunzo. Chatu wale walilishwa panya waliokwisha kuuawa, wakalala katika masanduku yenye joto lililopimwa, hawakuwahi kusikia harufu ya mulga hata siku moja. Kisha wakapelekwa mstari wa mbele. Ni afisa gani angewapeleka vitani makuruta ambao hawajatoka uwanjani depo, kisha akastaajabu kwamba hawakurudi? Woma aliyekulia porini huenda naye huliwa na mulga, na pengine naye humla mulga aliye mdogo kuliko yeye. Lakini huyo wa porini amekwisha kujifunza lini atoke na lini atulie, nao ni ujuzi usiotolewa sandukuni.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Woma si haba duniani. Wafugaji wa nyoka wa Australia, Ulaya na Marekani huwazalisha majumbani mwao, kwani ni mpole, halei kwa shida, na huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo yawezekana ukamkuta katika sebule ya mtu mjini, mbali na mchanga wowote, na usimkute kabisa katika shamba la ngano ambako babu zake waliishi.

Kwa kuwa ukurasa huu husomwa nyumbani pia, haitakuwa vema kuzungumza habari za nyoka mpole bila kuwakumbusha akina mama na vijana wetu habari za wasio wapole. Huku kwetu usijaribu kumtambua nyoka kwa kumkaribia. Shirika la Afya Duniani liliitia sumu ya nyoka katika orodha yake ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, na lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa. Mtu akiumwa, atulizwe na asitembee. Pete, bangili na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kisisogezwe, kama vile mtu aliyevunjika mfupa. Kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa. Jeraha lisichanjwe wala kufyonzwa, wala mguu usikazwe kwa kamba mpaka damu isimame, kwa maana kamba hiyo imewapotezea miguu wengi ambao sumu ingewaacha. Aliyetemewa mate ya swila machoni aoshwe kwa maji mengi, papo hapo. Hata kuumwa na chatu, ingawa hana sumu, si jambo la kupuuzwa: meno yake ni mengi, yamepindika kwa ndani, na kidonda chake chahitaji kusafishwa na kuonwa na mganga wa hospitali.

Turudi jangwani, kwa maana bado hatujamtaja adui wa mwisho wa woma, naye ni barabara. Jua likishatua mchanga hupoa upesi, lakini lami hubakia na joto la mchana kwa saa nyingi. Nyoka atokaye shimoni akiwa na baridi huiona lami kuwa kitanda kilichotandikwa. Hujinyosha hapo katikati ya njia. Na katika njia hizo hupita malori ya kuvuta matela matatu au manne kwa mfuatano, yaendayo usiku kucha kati ya miji iliyoachana mamia ya kilomita, wala hayawezi kusimama ghafla.

Dereva wa gari dogo aweza kusimama. Akishuka na tochi yake ataona kwamba nyoka hakimbii wala hainui kichwa kwa vitisho. Yawezekana akajikunja tu na kukificha kichwa chini ya mwili wake. Kijiti kirefu chatosha kumsogeza. Akifika ukingoni ataugusa mchanga kwa ulimi, ataingiza kichwa chini ya shina la majani makali, na mistari yake itapotea mmoja baada ya mwingine mpaka ubakie mkia.